Hiyo "nne kati ya kumi" haijakwambia kitu kuhusu walimu

Jumapili usiku shemeji yangu kanitumia picha ya skrini: nyumba ya kupanga, chini yake shule ya msingi ya umma ya mtaa huo, na kibandiko chekundu cha 4 kati ya 10, alama ambayo tovuti ya nyumba inaipa shule. "Shem, hapa si watoto wataharibika?" Ni mtu wa sita mwezi huu. Kazi yangu ni takwimu za shule katika wilaya moja ya elimu hapa Marekani, basi kila Mswahili anayehama ananifanya mpiga ramli. Leo naandika mara moja. Atakayefuata nitamtumia hii.

Imani iliyo nyuma ya swali lake ni kwamba alama hiyo, yaani asilimia ya wanaofaulu mtihani, ni ubora wa ufundishaji. Siyo. Mtihani wa jimbo unaanza darasa la tatu. Kabla ya hapo mtoto ameshaishi miaka minane au tisa, mingi yake nyumbani. Mwanasosholojia James Coleman na wenzake walipima zaidi ya wanafunzi nusu milioni wa nchi hii, na ripoti yao ya mwaka 1966 ikaonyesha kwamba alama zinaifuata familia ya mtoto kuliko zinavyofuata maabara na vitabu vya shule. Hilo ni la zamani, nalipita.

Halafu anakuja mjuaji: "Basi nitaangalia kwanza asilimia ya maskini." Sawa, tuiangalie. Safu hiyo kwenye jedwali la takwimu za shule kwa miaka mingi imetokana na chakula cha mchana cha shuleni. Mtoto anakula bure kama kipato cha nyumbani hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini. Kati ya hapo na asilimia 185 analipa kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2014/15, popote nchini, shule yenye angalau asilimia 40 ya watoto waliotambuliwa moja kwa moja kuwa wahitaji, kwa mfano kwa sababu familia zinapokea msaada wa chakula wa serikali, iliweza kuwalisha wote bure bila fomu ya kipato. Mwaka 2023 kizingiti kikashushwa hadi 25. Watoto wanakula, na mimi sina ugomvi na sahani ya mtoto. Ugomvi wangu ni na jedwali: shule nyingi za mpango huo zinaandikwa kuwa na maskini asilimia 100. Mtoto wa mfamasia na mtoto aliyeshuka kwenye ndege juzi kutoka kambini wanakuwa safu moja. Na kule kunakobaki fomu, mgeni anayeogopa karatasi yoyote ya serikali hairudishi, mtoto wake anahesabiwa kuwa wa mwenye nacho.

Lakini linalonitoa jasho hasa ni safu ya "wanaojifunza Kiingereza". Ina watoto wetu wengi, na ndiyo wazazi wananinyooshea kidole: "Ona, asilimia 9 tu wamefaulu kusoma! Hii shule inawatupa wageni." Jamani. Chukua mtoto anayeingia darasa la kwanza akijua Kiswahili na Kibembe tu. Kila mwaka anapimwa Kiingereza. Akifika la nne anavuka kipimo hicho, na siku anayovuka anatolewa kwenye kundi. Anabaki aliyekuja mwezi uliopita. Ni sawa na kupima hospitali kwa kuhesabu waliolala wodini, waliopona na kurudi nyumbani usiwahesabu, kisha ukashangaa mbona wote wagonjwa. Shule inayowavusha watoto haraka ndiyo inayoweza kuonekana mbaya zaidi kwenye safu hiyo! Sheria ya elimu ya mwaka 2015 imeruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliovuka hadi miaka 4, kwa hiyo kabla ya kulinganisha majimbo mawili uliza kwanza nani yumo ndani ya kundi.

Mimi naangalia mtoto yuleyule alianzia wapi na kafika wapi. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alifanya karibu hivyo kwa kufuata wastani wa kundi lilelile darasa hadi darasa, akaonyesha mwaka 2017 kwamba watoto wa shule za umma za Chicago, kati ya darasa la tatu na la nane, walipiga hatua ya miaka sita ndani ya mitano. Wastani wao ulikuwa bado chini ya wa taifa. Kwa kibandiko kinachohesabu ufaulu tu, huenda wangepata chekundu.

Sasa niungame. Kipimo hicho cha hatua nacho, katika shule ndogo, kinayumba kama mlevi. Darasa la nne lenye watoto 38, wawili wakiamka na homa siku ya mtihani, umeshapoteza zaidi ya asilimia tano. Niliwahi kuandika kwenye ripoti kwamba shule fulani "imepiga hatua kubwa". Mwaka uliofuata ikashuka palepale, na mwalimu mkuu akanipigia kuuliza amekosea nini. Sikuwa na jibu. Nadhani hakukosea, kama ambavyo mwaka wa kwanza huenda hakupatia. Wala siamini tunaweza kutenganisha kabisa mkono wa mwalimu na wa mama anayesoma na mtoto usiku. Na ndiyo, nilipohama mwenyewe nilichungulia kibandiko.

Shemeji nimemwambia aombe kuitembelea shule siku ya kawaida, akae darasa la kwanza wakati wa kusoma, na aulize mambo mawili: walimu wangapi wameondoka mwaka jana, na watoto wangapi wamevuka Kiingereza.

"Sawa shem," akajibu, "ila kuna nyingine ina 8. Kodi tu ndiyo imezidi ya hapa kwa dola 600."

Nikamwandikia: na wanaomudu hizo 600 kila mwezi ni akina nani?

Tiki mbili za bluu. Hajajibu mpaka sasa.