Je, kweli mwongo hawezi kukutazama machoni?

"Niangalie machoni!" Hivyo ndivyo mama muuza maharagwe wa Birere, hapa Goma, anavyoweza kumwambia kijana anayedai kwamba pesa ya mzigo imepotea njiani kutoka Bukavu. Kijana akiinamisha kichwa, basi, ni mwongo. Imani hii imeenea mbali: mwaka 2006 watafiti waliwauliza watu wa nchi 58 mwongo anatambulikaje, na jibu lililotajwa kuliko yote ni kwamba hukwepesha macho.

Si kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani Bella DePaulo na wenzake walipopitia majaribio mengi mwaka 2003, hawakuona kwamba waongo hukwepesha macho kuliko wakweli. Mwongo naye anaijua imani hiyo, kwa hiyo anaweza kukukazia macho makusudi, huku akipima kama umemeza maneno yake. Anayeinama huenda ana woga au aibu, au amelelewa vizuri tu: kwetu mtoto anayemkodolea mkubwa macho wakati anakaripiwa huonekana hana adabu. Inauma kuona adabu ileile ikigeuzwa ushahidi dhidi yake. Kwa jumla, watu wakimtazama na kumsikiliza msemaji hupatia mara 54 hivi kati ya 100. Wangebahatisha tu wangepata 50.

Maswali husaidia zaidi. Kutunga uongo, kuukumbuka na kuuficha ni mzigo akilini. Ni kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo: ikijaa magunia ya makaa huteremka kwa kasi kama vile haina kitu. Uzito wake utauona kwenye mpando, msukumaji anapoinama na kunyamaza. Swali lisilotarajiwa ndilo mpando. "Kwenye boti ulikaa upande gani? Nani alishuka kabla yako? Haya, nisimulie safari kuanzia bandarini hapa, urudi nyuma hadi Bukavu." Mwaka 2008 mwanasaikolojia Aldert Vrij na wenzake, huko Uingereza, walijaribu usimulizi huo wa kurudi nyuma, na askari polisi waliotazama video wakawatofautisha waongo na wakweli vizuri zaidi kidogo.

Kidogo, nasisitiza. Mkweli aliyechoka husahau alikaa wapi, na mwongo aliyejiandaa hujibu bila kusita. Uongo mwingi hujulikana baadaye, kwa risiti au kwa mtu mwingine aliyekuwepo. Kwa hiyo mama wa Birere afadhali ampigie simu aliyepakia mzigo Bukavu, na kijana amwache ainamishe kichwa chake.