Loweka viazi kwanza, kisha washa projekta

Ukizungumza na walimu wa Dodoma kuhusu ufundishaji mseto, yaani kuunganisha somo la mtandaoni na la ana kwa ana, jibu la kwanza huwa: "Mtandao huku kwetu unasumbua." Ni kweli. Lakini kazi kubwa zaidi ni kuamua kipi mwanafunzi anaweza kukirudia mwenyewe na kipi kinamhitaji mwalimu karibu yake.

Chukua osmosisi katika baiolojia. Maji yanavyopenya utando wa seli hayaonekani kwa macho, na hapo video fupi hushinda chaki. Ipakue usiku, itie kwenye flashi au kwenye kishikwambi, kama vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Darasani hutahitaji bando.

Ukiwa na vipindi viwili mfululizo, dakika 80, anza na mabakuli mawili: moja la maji matupu, jingine la maji ya chumvi nyingi. Tumbukiza vipande vyembamba vya viazi mviringo, ndipo uonyeshe video vikiendelea kuloweka. Mwishoni kila mwanafunzi avishike. Cha maji matupu kimekakamaa. Cha chumvi kimelegea, kinapinda. Uliza kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Video haimwoni mtoto aliyekunja uso kwa kutoelewa. Wewe unamwona.

Mwaka 2007, huko Colorado, Marekani, walimu wa kemia Jonathan Bergmann na Aaron Sams walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Kila nikiwataja, namkumbuka mtoto wa Bahi aliyebaki shambani siku za mavuno ya mpunga. Akirudi, daftari la rafiki halimtoshi. Kwa kuwa haruhusiwi kuja na simu shuleni, mwekee ile video kwenye kompyuta ya shule, apewe nusu saa baada ya masomo, aisimamishe na kuirudisha nyuma apendavyo. Kesho yake mpe kiazi.

Jambo moja nawasihi walimu wenzangu. Zoezi lenye alama msilitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi pekee. Mzazi mwenye simu ya kitochi hatalipata, na anayekosa alama ni mtoto wake. Liandikeni ubaoni kabla kengele haijagongwa.