Mistari myeusi haikati filamu

Hapa Goma, filamu ikianza na mistari myeusi juu na chini, utasikia: "Televisheni inakata picha." Imani hiyo ni ya siku nyingi, na ukweli ni kinyume chake. Skrini nyingi za televisheni za sasa zina uwiano wa 16:9, yaani upana kwa kimo. Filamu nyingi za sinema ni 2.39:1, pana zaidi. Mistari ni nafasi iliyobaki wazi tu. Ukikuza picha ijaze skrini, unapoteza karibu robo yake pembeni: wawili wanazungumza, mmoja anabaki pua. Ukiinyoosha kwenda juu, nyuso zinarefuka, inauma kutazama. Shika telekomandi, rudisha 16:9. Picha ikizungukwa na weusi pande zote nne, kagua dekoda. Huenda imewekwa 4:3, uwiano wa televisheni za zamani.