Haki ya kuzifikia taarifa zako: maana yake kwa aliyeko Zanzibar

Haki hii ni ya kumuuliza yeyote anayehifadhi habari zako: mna nini kunihusu, mmekipata wapi, mnakitumia kwa kazi gani, na mmempa nani? Naye anawajibika kukujibu.

Chukua mtu wa Chake Chake anayesajili laini ya simu. Anaweka kidole kwenye kifaa, na wakala anaona jina lake kwenye skrini. Tangu siku hiyo kampuni inaweka kumbukumbu za aliyempigia, saa aliyopiga na aliyemtumia pesa. Mteja mwenyewe huenda hajawahi kuiona rekodi hiyo hata mara moja.

Haki haiishii kwenye kuona. Ukikuta benki imekuandika Hamisi na kitambulisho kinasema Khamis, una haki ya kudai irekebishwe, na sote tunajua herufi moja inavyoweza kumzungusha mtu madirishani kutwa nzima. Unaweza pia kukataa namba yako isitumike kukuletea matangazo ya biashara.

Sheria inayobeba haki hizi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hapa Mzanzibari awe makini. Sheria hiyo inafika Unguja na Pemba, ila kwa mambo ya Muungano tu. Simu na benki ni mambo ya Muungano, kwa hiyo zimo. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo faili lako la hospitali ya Serikali ya Zanzibar liko nje yake. Hili linanisumbua, maana majibu ya vipimo ni siri kubwa kuliko orodha ya simu ulizopiga. Huko cha kushika kwanza ni kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinacholinda faragha ya mtu na familia yake.

Ukitaka kuitumia haki hii, andika barua au baruapepe. Taja jina lako, namba ya akaunti au ya simu, na taarifa unazozitaka. Usiombe kwa mdomo dirishani, kwani hutabaki na ushahidi. Weka nakala yenye tarehe. Kampuni ya simu au benki ikikaa kimya, nakala hiyo ndiyo utakayoiambatanisha na malalamiko yako kwa Tume.