Kwa nini mahindi ya GMO humuua bungua lakini hayamdhuru mla ugali?

Swali hili huulizwa kwa hofu, na hofu yenyewe ina mantiki: mmea unaoua mdudu unaliwaje?

Bungua ni kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi, na GMO ni kiumbe kilichobadilishwa jeni. Mahindi yanayomuua huitwa Bt, kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria aishiye udongoni. Aligunduliwa Japani mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri, na wakulima wa kilimo hai wamempulizia mimea yao tangu zamani, kabla GMO haijasikika. Wanasayansi walichukua jeni yake moja wakaipachika kwenye mahindi, na mmea ukaanza kujitengenezea protini ile ile inayoua viwavi.

Siri iko tumboni. Utumbo wa kiwavi una magadi mengi badala ya asidi. Humo protini huyeyuka, hujishika kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi huacha kula, kisha hufa. Tumbo la binadamu lina asidi, huisaga protini hiyo kama ya maharage, na utumbo wetu hauna vipokezi hivyo.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Matundu ya bungua ndiyo mlango wa kuvu, na mahindi ya Bt yameonekana kuwa na sumukuvu ya fumonisini kidogo kuliko ya kawaida.

Hilo halisafishi kila GMO. Miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani iliitia soya jeni ya njugu za Brazil ili kuongeza lishe. Vipimo vikaonyesha kwamba wenye mzio wa njugu hizo wangedhurika na soya hiyo pia, mradi ukasitishwa kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo kila jeni hupimwa peke yake. Anayesema "GMO zote" ni salama, au zote ni sumu, hajajibu kitu.

Mimi naona hatari kubwa zaidi iko shambani. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi ya Bt mwaka 1998, na kufikia 2007 ilishathibitika kwamba baadhi ya bungua wanayala bila kufa. Dawa ya usugu huo ilijulikana: mkulima atenge sehemu ya mahindi ya kawaida, asilimia 20 akiipulizia dawa au 5 asipoipulizia, ili bungua wasio sugu wabaki na kuzaana na wale sugu, usugu usienee. Wengi hawakutenga.

Kenya ilipiga marufuku GMO kutoka nje mwaka 2012, muda mfupi baada ya utafiti wa Ufaransa uliodai kwamba mahindi ya GMO yaliwadhuru panya, utafiti ambao jarida lililouchapisha liliufuta mwaka uliofuata. Marufuku ikaondolewa Oktoba 2022, mvutano ukahamia mahakamani. Humo na mitaani mjadala mwingi umekuwa wa sahani. Mkulima wa nusu ekari, anayehitaji kila shina, atatenga asilimia 20 wapi, na nani atamkagua?