Je, wajua kwa nini Raven hatakiwi kukasirika?

Aliyewahi kuangalia Teen Titans, katuni ya kikundi cha vijana mashujaa akiwemo Raven, anakumbuka vitu vilivyokuwa vikipasuka. Mwenzao Beast Boy anatania, anatania tena, halafu anapitiliza. Raven, aliyejikalia pembeni na kitabu chake, anakunja uso kidogo tu. Hajasema neno, kiza cheusi kishaizunguka taa na taa imepasuka. Kisha anajifunika kofia ya joho lake, anakunja miguu na kuelea hewani, anayarudia maneno yake matatu, Azarath Metrion Zinthos, na nyumba inatulia.

Tulipokuwa wadogo wengi wetu tulidhani ni tabia tu: msichana mnunaji asiyependa watu. Kumbe kununa kule ilikuwa kazi aliyofundishwa tangu hajajua kusoma. Binti huyu anaweza kuinua gari bila kuligusa, kupita kwenye ukuta na kuponya jeraha kwa kiganja, lakini haruhusiwi kucheka kwa nguvu wala kulia. Kwa nini mtu apewe uwezo wote huo halafu anyimwe hasira yake mwenyewe?

Jibu linaanzia kwa mama yake. Kwenye komiki za kampuni ya DC, vile vitabu vya hadithi za picha ambavyo katuni imetokana navyo, Angela Roth alikuwa binti wa Kimarekani aliyekata tamaa ya maisha akaangukia mikononi mwa kikundi cha waabudu mashetani. Kikundi kile kikamwita kiumbe kutoka ulimwengu mwingine, na aliyeitika ni Trigon, mtawala anayekula sayari kama mtu anavyokula karanga. Alimjia Angela kwa sura ya mwanamume mzuri mno. Sura ya kweli ilijitokeza baadaye: ngozi nyekundu, macho manne, pembe zenye matawi. Msomaji wa Mombasa au Tanga hapa hahitaji kufafanuliwa sana. Sisi tunaye yule mrembo wa njiani usiku, ambaye ukitazama miguu yake unaona kwato. Na mtoto wa watu wa aina mbili si habari mpya: kuna masimulizi ya kale ya Kiarabu yanayosema hata Malkia Bilkisi wa Sheba mama yake alikuwa jini.

Angela akiwa na mimba alichukuliwa mpaka Azarath, ulimwengu ulio kando ya wetu, kwa watu ambao wazee wao waliihama Dunia ili wasishike tena silaha. Huko akaitwa Arella. Mtoto alipozaliwa, malezi yake yakashikwa na kiongozi wa kiroho wa mji ule, mwanamke aitwaye Azar, na somo la kwanza likawa ndilo somo la mwisho: tuliza moyo. Usikasirike, usiogope, usitamani, usipende sana.

Sasa tufike kwenye utaratibu wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi huchanganya. Nguvu ya Raven haitoki kwenye misuli, wala haitoki kwenye fimbo au pete. Inatoka kwenye hisia. Akimgusa mtu aliyeumia, anayavuta maumivu yale na kuyaingiza mwilini mwake mpaka yaishe. Akiingia chumbani, anajua nani ana huzuni kabla hajaambiwa. Hata ule uwezo wake mashuhuri, nafsi yake kutoka mwilini kwa umbo la ndege mkubwa mweusi, ni roho inayotembea nje, na katika komiki za mwanzo haikuruhusiwa kukaa nje zaidi ya dakika tano. Kuhisi ndiko kunakomwendesha.

Tatizo ni kwamba baba naye amekaa humo humo. Chukua mfano wa nyumba yenye waya mmoja tu wa umeme. Waya huo ndio unaowasha taa, na waya huo huo ndio mwizi amejiunganishia kutoka upande wa pili wa ukuta. Ukiukata, unakaa gizani. Ukiuachia umeme wote upite, mwizi anashiba na kuingia ndani. Azar alichomfundisha mtoto yule ni kuupitisha umeme kidogo kidogo, tone kwa tone, maisha yake yote. Hasira ndiyo iliyokuwa hatari kupita zote, kwa kuwa hasira ndiyo lugha ya baba. Raven akighadhibika kweli, macho yake mawili huwa manne.

Hilo ndilo jibu la komiki. Katuni ya televisheni, iliyorushwa na Cartoon Network kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, iliongeza jambo ambalo mimi naliona ni la werevu zaidi: humo, akili ya Raven inaubadilisha ulimwengu wenyewe, hata asipotaka. Kuna kipindi kinaitwa "Fear Itself". Vijana wanaangalia filamu ya kutisha usiku, na baada ya filamu Raven anaulizwa kama ameogopa. Anasema hapana. Tangu hapo mazimwi yanaanza kutembea ndani ya jumba, wenzake wanapotea mmoja mmoja, taa zinakufa. Mwishoni inabainika hakuna adui yeyote aliyeingia. Woga alioukataa kwa mdomo ulitafuta njia nyingine ya kutoka, ukawa na miguu na meno. Mazimwi yalianza kushindwa pale tu alipokiri kwamba anaogopa.

Angalia jinsi jambo hilo linavyoipindua elimu ya Azarath. Alifundishwa kwamba hisia isipoonyeshwa imeshindwa. Kipindi kile kinasema hisia isipoonyeshwa imejificha tu.

Katika msimu wa kwanza kuna kipindi kingine, "Nevermore", ambapo Beast Boy na mwenzao Cyborg wanavutwa ndani ya kioo cha Raven na kujikuta akilini mwake. Wanakutana na Raven wengi, kila mmoja na joho la rangi yake: wa waridi anacheka hovyo, wa kijivu anaomba radhi kwa kila kitu, wa kijani anataka kupigana, na mwekundu ndiye ghadhabu, mwenye sauti na sura ya Trigon. Jina la kipindi limechotwa kwenye shairi la Edgar Allan Poe la mwaka 1845, ambalo ndani yake kunguru mkubwa, kwa Kiingereza "raven", anarudia neno hilo moja tu. Nasi tuna letu la zamani linalomfaa Raven pengine kuliko la Poe: kunguru hafugiki.

Lakini kama unataka kuielewa kanuni hii kwa dakika ishirini, tafuta "Switched". Raven na mwenzake Starfire wanabadilishwa miili. Starfire ni mgeni kamili, binti wa kifalme wa sayari ya Tamaran, na nguvu zake nazo zinaendeshwa na hisia, ila kwa mwelekeo wa kinyume: hawezi kuruka asipokuwa na furaha, na miali ya mikononi inataka hasira ya haki. Basi Raven akiwa ndani ya mwili wa Starfire anakwama chini kama kuku, kwa sababu hajui kufurahi kwa makusudi. Starfire akiwa ndani ya mwili wa Raven anapasua kila kitu kwa sababu hajui kunyamaza moyoni. Inabidi waketi chini na kusimuliana maisha yao. Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo, na yalitolewa kwa watoto wa miaka tisa.

Raven alianzia kwenye karatasi, miaka mingi kabla ya katuni. Mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walimtoa mara ya kwanza kwenye DC Comics Presents namba 26, toleo la Oktoba 1980, na mwezi uliofuata The New Teen Titans ikaanza. Zamani kidogo asingewezekana kwa urahisi. Kanuni za maadili ambazo wachapishaji wa komiki Marekani walijiwekea mwaka 1954 zilibana sana habari za mazimwi na ushirikina, na zililegezwa mwaka 1971. Katika muongo uliofuata ndipo mashujaa wenye baba wa kuzimu walipoanza kuonekana madukani.

Tarehe ile ya Oktoba 1980 ina jirani wa kushangaza. Mwezi mmoja nyuma yake, kwenye toleo la X-Men la Septemba 1980, kampuni pinzani ya Marvel ilimuua Jean Grey, mwanamke mwenye nguvu za akili ambaye zilimzidi mpaka akameza nyota na kuteketeza sayari yenye watu mabilioni. Miaka 25 baadaye, mwaka 2005, Marvel hiyo hiyo ikamfanya Wanda Maximoff aubadilishe ulimwengu wote kwa huzuni yake, kisha afute uwezo wa karibu mutanti wote, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, kwa maneno matatu. Ukiwapanga wanawake hawa pamoja, unaanza kujiuliza maswali kuhusu wanaume waliokuwa wakiandika. Superman akikasirika, jengo linaanguka. Mwanamke akikasirika, ulimwengu unakwisha.

Hata hivyo, Raven simweki kapu moja na wale wawili. Jean na Wanda walijikuta wameshalipuka; msiba ndio uliowaambia wao ni nani. Raven alijua tangu mtoto. Alikuwa na mwalimu na zoezi la kila siku, na alipohisi Trigon anaanza kupata nguvu alitoka mwenyewe kwenda Duniani kutafuta msaada. Aligonga kwanza mlango wa mashujaa wakubwa wa Justice League. Mchawi wao, Zatanna, alinusa uovu ndani yake na wakamfukuza. Ndipo akawakusanya vijana.

Na hapo alifanya kosa ambalo mashabiki wake hupenda kuliruka. Kid Flash, kijana shujaa mwenye mbio za ajabu, alikuwa ameamua kuacha ushujaa arudi kwenye maisha ya kawaida. Raven, aliyemhitaji, aliuingilia moyo wake na kumfanya ampende. Msichana aliyekatazwa kupenda alimpandikizia mwenzake mapenzi ya bandia kama mtu anayetia saini ya mwingine. Nguvu aliyoitumia kwa utulivu kabisa, bila taa hata moja kupasuka, ndiyo iliyodhuru zaidi. Azar alikuwa ameogopa hasira yake tu.

Vijana aliowakusanya wana kitu kimoja kinachowaunganisha: karibu wote wana neno na baba zao. Robin anahangaika kutoka kivulini kwa Batman aliyemlea. Cyborg amegeuzwa nusu mashine na baba yake mwenyewe, mwanasayansi aliyekuwa akijaribu kumwokoa. Starfire alitolewa utumwani na baba yake mfalme kama bei ya amani. Trigon amewekwa mwisho wa safu hiyo, baba anayemwona mtoto wake kama mlango tu wa kupitia.

Mwaka 1984, kwenye komiki, mlango ukafunguka. Trigon alifika Duniani, akaiangamiza Azarath yote, na Raven akageuka mwekundu mwenye macho manne. Wenzake walilazimika kumuua, na kupitia kwake roho za watu wa Azarath zikamchoma Trigon. Katuni ilisimulia jambo hilo kwa upole zaidi kwenye "The End": Robin anamkuta Raven amekuwa mtoto mdogo asiyejua lolote, anamshika mkono, na baadaye mtoto yule anakua ghafla mbele ya Trigon, joho lake likiwa jeupe, na kumwambia waziwazi kwamba waliomlea ndio familia yake. Kisha anampiga kwa hasira yote aliyoikalia tangu kuzaliwa. Hakuna kilichoharibika ambacho hakikustahili.

Kwenye komiki nako alirudi akiwa amevaa nyeupe. Trigon alikuwa hayumo tena ndani yake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza angeweza kuhisi chochote. Ungedhani sasa ni raha tupu, lakini akawa kama mtu mzima anayeanza darasa la kwanza. Alimwona Dick Grayson, aliyekuwa Robin na sasa anaitwa Nightwing, akajikuta anampenda, akamwambia, bila kufikiri kwamba Dick ni mpenzi wa Starfire, rafiki yake. Ilibidi aelezwe taratibu kwamba alichokuwa nacho moyoni ni upendo wa rafiki. Kwa Kiingereza chake upendo wa rafiki na mapenzi vilikuwa neno moja. Angelelewa Lamu badala ya Azarath, bibi mmoja angemkalisha barazani na kumtenganishia: huu upendo, haya mapenzi, haya mahaba, na hii, mwanangu, ni hamu tu, kunywa maji ulale.