Kikundi cha ngoma cha wasanii wenye sindromu ya Down: mwalimu ajue nini

Wazazi wengi wanaotuletea watoto wao wenye sindromu ya Down kwenye tiba ya viungo husema jambo moja: huyu redio ikiwashwa tu, hakai. Kisha huuliza kama ni salama kumwacha acheze. Tunawajibu kuwa ni salama akifundishwa na anayejua, na tungefurahi kuona Kampala, Jinja, Mbale na Gulu kuna vikundi vya ngoma vya mtaani ambamo vijana na watu wazima wenye sindromu ya Down ni wasanii kamili, wenye mazoezi ya kila wiki na maonyesho yao wenyewe.

Sindromu ya Down si laana, wala haitokani na chakula au kosa la mama mjamzito. Walio wengi huzaliwa na kromosomu (vibeba urithi vilivyo ndani ya chembe za mwili) 47 badala ya 46, kwa sababu ile ya 21 imeongezeka. Wanasayansi walilibaini hilo mwaka 1959. Duniani huzaliwa nayo takriban mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 1,100. Huathiri usemi, misuli, viungo na mara nyingi moyo, lakini kila mtu kwa kiwango chake.

Tuanze na kufundisha, maana hapo ndipo walimu hukata tamaa mapema. Wengi wenye hali hii hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Ukimpa maagizo manne kwa mfululizo, mguu wa kulia, geuka, piga makofi, rudi nyuma, la kwanza litakuwa limeshapotea kabla hujafika la nne. Mwoneshe hatua moja. Icheze pamoja naye, irudie, ndipo uongeze nyingine. Simama kando yake au mpe mgongo, ili kulia kwako kuwe kulia kwake. Ukimkabili uso kwa uso unampa kazi mbili kwa wakati mmoja. Ukishamwambia jambo, subiri. Kimya kile ambacho walimu hukiita ukaidi mara nyingi ni mtu anayepanga mwili wake, na ukimkatiza kwa kurudia agizo, anaanza upya. Kila siku ya mazoezi ifunguliwe kwa wimbo uleule na ifungwe kwa mchezo uleule, ili ajue yuko wapi na kinachofuata ni nini. Na kwa kuwa wengi wana matatizo ya kusikia, mpiga ngoma asiketi mbali nao.

Ngoma zetu za Uganda zinasaidia sana katika hili. Kwenye Runyege ya Bunyoro na Tooro, wanaume hufungwa njuga miguuni, kwa hiyo kila hatua humrudishia mchezaji sauti yake mwenyewe na anajua papo hapo kama yuko kwenye mdundo. Ekitaguriro ya Ankole huinua mikono kama pembe ndefu za ng'ombe: huhitaji kumweleza mtu mkono uinuke kiasi gani, unamwambia awe ng'ombe, naye anakuwa ng'ombe. Bakisimba ya Buganda hurudiarudia mwendo mmoja mpaka kiuno kinauzoea. Nimewaona wachezaji wasioweza kukamilisha sentensi wakishika mpangilio mrefu kwa njia hii, tena wakimsahihisha aliyekosea.

Sasa mwili. Mishipa inayofunga viungo vyao huwa milegevu, hata ile ya pingili mbili za juu za shingo. Kwa wachache pingili hizo huweza kuteleza na kubana neva zilizo ndani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo, watazamaji wetu wanavyopenda sana mchezaji anayepangiwa mitungi kichwani, katika kikundi hiki mitungi iachwe kabisa. Viachwe pia vichwangomba, kubebana mabegani na kutikisa kichwa kwa nguvu. Kupiga msamba huwawia rahisi na huleta shangwe, lakini viungo hivyo tayari vina ulegevu kupita kiasi. Vinahitaji kuimarishwa, havihitaji kunyooshwa zaidi. Mchezaji akilalamika shingo, akianza kuinamisha kichwa upande, akibadilika mwendo, mikono ikilegea au akianza kujikojolea ilhali hakuwa hivyo, asimamishwe mara moja na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Kabla ya mtu kujiunga, familia ipate ushauri wa daktari, na palipo na shaka ya moyo waombe rufaa kwenda Uganda Heart Institute, Mulago. Hata wenye moyo mzima huchoka haraka kuliko wenzao, basi mazoezi yawe mafupi, yenye maji na mapumziko. Uchovu wa ghafla usioisha, hasa kwa mtu anayenenepa, humhitaji daktari apime tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Na kila zoezi liwe na watu wazima wawili au zaidi. Asiachwe mwalimu mmoja faraghani na mchezaji.

Jukwaani, watangazwe kwa majina yao, na malipo yakipatikana wapewe wao. Kuwapandisha ili wafadhili watokwe machozi ni kuwadhalilisha. Julia Häusermann wa kikundi cha maigizo cha Theater HORA cha Zürich, Uswisi, mwenye sindromu ya Down, alipata tuzo ya uigizaji ya Alfred Kerr huko Berlin, Ujerumani, mwaka 2013 kwa sababu aliigiza vizuri. Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 inazitaka serikali ziwape nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa. Picha zao zisisambazwe kabla ya wao wenyewe kuulizwa na kukubali.

Wazazi walio tayari kuanza wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo yao, wasajili kikundi, na wamuulize kuhusu ruzuku maalumu ya serikali kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Wamuulize pia kama gharama za ngoma, njuga na nauli za boda zinaruhusiwa kwenye mpango wao.